Goti, Usingizi na Orodha ya Dawa: Uchambuzi wa Kisa cha Unene Uliokithiri

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kujifunzia. Mgonjwa wake si mtu mmoja halisi, lakini hakuna jambo ndani yake litakalomshangaza anayehudumia watu wazima wenye unene uliokithiri.

Mwanamke wa miaka 46 anakuja kliniki kwa sababu ya goti la kulia. Linamuuma mwaka wa pili sasa, na kushuka ngazi kunamtesa kuliko kupanda. Ana shinikizo la damu, na kisukari cha aina ya pili kilichogunduliwa miaka minne iliyopita. Ukifungua faili lake, maneno yaleyale yanajirudia kila alipohudhuria: "Ameshauriwa kupunguza uzito. Hafuati maelekezo ya lishe." Uzito ulianza kupanda lini, na wakati huo kulikuwa na nini maishani mwake, hakuna aliyeandika.

Maneno hayo yana madhara. Mgonjwa aliyekwisha kuhukumiwa huwa hachunguzwi tena. Kila jipya analoleta, iwe maumivu, uchovu au kuumwa kichwa, linapewa jibu moja tu. Naye amejifunza kukaa mbali na kliniki mpaka hali imshinde. Alipoulizwa kama angependa siku hiyo wazungumzie uzito pamoja na goti, alijibu, "Kama ni kunigombeza, daktari, nimeshazoea." Kuomba ruhusa namna hiyo huonekana jambo dogo. Mimi nalihesabu kuwa sehemu ya matibabu, kwa sababu mengi yaliyofichuka baadaye yalitoka kinywani mwake baada ya kuona kwamba leo anasikilizwa.

Vipimo vya mwanzo

Uzito wake ni kilo 104, urefu sentimita 162. Ukigawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata 39.6, ndiyo BMI yake. Kuanzia 30 tunaita unene uliokithiri. 35 hadi 39.9 ni daraja la pili, na 40 kwenda juu ni la tatu. Kanuni hiyo ilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Alikuwa akichunguza takwimu za watu wengi kwa pamoja, hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja aliyeketi mbele ya daktari. Haitenganishi misuli na mafuta, haisemi mafuta yamekaa wapi, na kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza kwenye namba za chini zaidi. Kwa hiyo tunapima na kiuno: mwanamke akizidi sentimita 88, au mwanamume akizidi 102, wasiwasi unaongezeka. Kiuno chake kilikuwa 117, ingawa mtu akishavuka BMI ya 35 kipimo hicho hakibadilishi mengi katika uamuzi.

Shinikizo la damu lilisomeka 166/102 kwa mkanda wa kawaida. Kwa mkanda mpana unaolingana na mkono wake likasomeka 148/92. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha namba kwa uongo, na mgonjwa huishia kuongezewa dawa asiyoihitaji. Hili ni kosa linaloweza kuzuiwa kwa kifaa kimoja tu, na linaniudhi kila ninapoliona.

Ngozi ya nyuma ya shingo ilikuwa imekoza rangi na kuwa nene, dalili ya mwili usioitikia insulini vizuri. Hakuwa na michirizi mipana ya zambarau tumboni, hachubuki ovyo, na misuli ya mapaja ina nguvu. Basi hapakuwa na sababu ya kumtafutia ugonjwa wa Cushing, unaotokana na homoni ya kotisoli kuzidi. Kipimo cha tezi ya thairoidi kilikuwa sawa. Wengi huja wakitumaini kwamba tezi ndiyo chanzo, lakini hata ikiwa imelegea kweli, kwa kawaida huongeza kilo chache tu, na sehemu yake ni maji na chumvi.

Mstari wa uzito juu, mstari wa dawa chini

Hapa ndipo kisa kilipofunguka. Kwenye karatasi ulichorwa mstari wa umri wake, uzito ukaandikwa juu na matukio chini. Akiwa na miaka 20 alikuwa na kilo 61. Baada ya mtoto wa pili, 75. Kufikia miaka 40 alikuwa na 87, na akatulia hapo. Kisha kati ya miaka 42 na 46 zikaingia kilo 17.

Chini ya miaka hiyo minne ya mwisho ziliandikwa dawa tatu: glibenklamidi ya kisukari, atenololi ya shinikizo la damu, na amitriptilini ya kuumwa kichwa. Metformini nayo ilikuwepo, lakini hiyo haiongezi uzito.

Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Mama huyu alikuwa akijitahidi kweli kufuata ushauri: aliruka mlo wa mchana ili apungue. Alasiri sukari ikashuka. Atenololi huficha mapigo ya haraka ya moyo na kutetemeka, zile dalili ambazo kila mwenye kisukari amefundishwa kuzisikiliza, lakini haizuii jasho. Kwa hiyo alichokipata ni jasho jingi, kichwa kuwa chepesi na njaa isiyovumilika, naye akakimbilia kitu kitamu. Alikuwa akijiokoa. Kwenye faili likaandikwa kuwa hafuati lishe.

Amitriptilini ilianza kwa sababu alikuwa akiamka kila asubuhi na kichwa kinauma. Dawa hii huongeza hamu ya kula, na kwa wengi hamu ya vitamu hasa. Aliyeiandika alikuwa na nia njema, lakini kichwa kinachouma asubuhi kisha kikaachia kadiri siku inavyosonga kinadai swali moja kabla ya dawa: unalalaje? Mumewe ndiye aliyejibu. Anakoroma sana, mara nyingine pumzi inakatika kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Mchana anasinzia akiwa ameketi. Kwenye dodoso la STOP-BANG, lenye maswali 8, alipata 6, alama za hatari kubwa. Kipimo cha usingizi alichokwenda nacho nyumbani kilionyesha pumzi yake inakatika au kupungua mara 34 kwa saa. Kuanzia 30 ni hali kali.

Sasa soma mduara huo. Pumzi inakatika usiku, kichwa kinauma asubuhi, anapewa dawa ya kichwa, dawa inaongeza njaa, uzito unapanda, mafuta ya shingoni yanaibana zaidi njia ya hewa, pumzi inakatika zaidi. Usingizi uliokatika nao huchochea njaa na kupandisha shinikizo la damu, ndiyo maana dawa ya shinikizo ikaingia. Kila daktari alitibu dalili iliyokuwa mbele yake.

Lazima niseme na upande wa pili. Dawa hazikuumba unene wake. Kwa kilo 87 alizokuwa nazo akiwa na miaka 40, BMI ilikuwa tayari 33. Tafiti za mapacha na familia zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti za uzito kati ya watu, kwa makadirio mengi asilimia 40 hadi 70, inatokana na urithi, na mama yake na dada zake wana umbo kama lake. Dawa zilisukuma mwili uliokuwa tayari umeelekea huko.

Madhara yamefika wapi

HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ilikuwa asilimia 8.1. Mkojo ulikuwa na albumini kidogo, aina ya protini, onyo la mapema kutoka kwenye figo. Kimeng'enya cha ini ALT kilikuwa 58, na AST 41. Ini lenye mafuta ni la kutarajiwa kwa mtu kama huyu. La muhimu ni kujua kama limeanza kupata makovu. Hesabu ya FIB-4, inayotumia umri, vimeng'enya hivyo viwili na idadi ya chembe sahani za damu, ilitoa 1.05. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, hivyo hakuhitaji vipimo zaidi vya ini kwa sasa. Eksirei ya goti ilionyesha gegedu lililoanza kulika. Aliulizwa pia kuhusu huzuni, na kuhusu kula kwa wingi bila uwezo wa kujizuia. La pili halikuwepo, na la kwanza lilifungamana sana na uchovu.

Tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake katika The Lancet Diabetes & Endocrinology mnamo Januari 2025 ilipendekeza tutenganishe unene ambao haujaathiri viungo na ule ambao tayari ni ugonjwa, yaani umeharibu kazi ya kiungo au uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Nadhani mgawanyo huo una faida kubwa kuliko madaraja ya BMI, kwa sababu unaamua nani aharakishiwe. Huyu anaharakishiwa: njia yake ya hewa na goti lake vimekwisha kuathirika.

Kuondoa kabla ya kuongeza

Mpango haukuanza na dawa ya kupunguza uzito. Glibenklamidi ilisimamishwa, metformini ikabaki. Atenololi ilipunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa, maana kuikata ghafla kunaweza kuupa moyo mshtuko, na mahali pake ikawekwa lisinoprili, inayosaidia pia figo yenye albumini. Dawa hiyo haifai kabisa kwenye ujauzito, na mama huyu bado anapata hedhi, hivyo aliulizwa kuhusu uzazi wa mpango. Anatumia kitanzi cha shaba, ambacho hakigusi uzito. Amitriptilini ilishushwa hatua kwa hatua baada ya mashine ya CPAP, inayosukuma hewa na kuiacha njia yake wazi usiku, kuanza kazi. Ndani ya wiki chache kichwa cha asubuhi kiliisha. CPAP yenyewe haipunguzi uzito, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema asije akakata tamaa. Inachorudisha ni nguvu ya mchana.

Kuhusu chakula, jambo la kwanza lilikuwa kumrudishia mlo wa mchana. Lengo lilikuwa upungufu wa kalori 500 hadi 750 kwa siku, protini ya kutosha katika kila mlo, na utaratibu ambao ataweza kuufuata mwakani pia. Wafuasi wa mlo huu na ule hubishana sana, lakini tafiti za kulinganisha zimeonyesha mara kwa mara kuwa, baada ya mwaka, tofauti kati ya aina za mlo ni ndogo, na kinachoamua zaidi ni kama mtu ameendelea nao. Mazoezi yalianza kwa kuimarisha misuli ya paja akiwa ameketi, kwa ajili ya goti, kisha matembezi mafupi. Mazoezi peke yake hupunguza kilo chache. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli wakati uzito unashuka na kuzuia uzito usirudi.

Kulikuwa na mazungumzo marefu kuhusu lengo. Yeye alitaka kilo 65, uzito aliowahi kuambiwa ndio wake. Lengo kama hilo humfanya mtu aone ameshindwa hata anapofanikiwa. Katika utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa 2002, watu waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa 2017 na kuhusisha watu waliokuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita, 46 kati ya kila 100 waliopewa mpango wa mlo wa kalori chache walikuwa na sukari isiyohitaji dawa baada ya mwaka. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi walifika 86 kati ya 100. Wakakubaliana kilo 15.

Mwezi wa nne alikuwa na kilo 99. Hakuna dawa mpya ya uzito iliyokuwa imetumika.

Sindano

Kilo 5 zilileta nafuu, lakini goti na usingizi vilihitaji zaidi. Kwa kisukari na BMI ya 39.6 aliyoanza nayo alistahili pia upasuaji wa kupunguza uzito, na aliambiwa hivyo waziwazi. Akasema anaogopa, aachwe kwanza. Alianzishiwa semaglutidi, dawa inayoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1: hupunguza njaa ubongoni, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na husaidia kongosho kutoa insulini pale tu sukari inapopanda. Kabla ya hapo ilihakikishwa kuwa hakuna saratani ya aina ya medula ya tezi ya thairoidi katika familia, na macho yake yalichunguzwa, kwa sababu sukari ikishuka haraka, jicho ambalo tayari limeathiriwa na kisukari linaweza kuzidi kuharibika.

Dozi huanza miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa kila wiki nne hadi 2.4. Kwenye 1.0 alitapika na kufunga choo. Badala ya kusukumwa mbele aliachwa kwenye dozi hiyo kwa wiki nne zaidi, akapunguza ukubwa wa mlo, na hali ikatulia. Wengi huacha dawa hizi kwenye hatua hii, na mara nyingi sababu ni kupandishiwa dozi kwa ratiba ya karatasi huku tumbo likilalamika.

Aliambiwa pia namba za kweli. Katika utafiti wa STEP 1 wa 2021, watu wasio na kisukari waliotumia semaglutidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68. Kwa wenye kisukari, katika STEP 2, ilikuwa 9.6. Tirzepatidi, sindano nyingine inayogusa homoni mbili, imefika asilimia 20.9 kwa wasio na kisukari na 14.7 kwa wenye nacho, zote kwa dozi ya juu, na imeonyesha kupunguza kukatika kwa pumzi usingizini. Kama zote mbili zingepatikana kwake kwa urahisi sawa, mimi ningechagua tirzepatidi kwa mgonjwa huyu, kwa ajili ya usingizi wake. Semaglutidi ndiyo iliyopatikana, na si dawa dhaifu: katika utafiti wa SELECT, mwaka 2023, ilipunguza kwa asilimia 20 mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa watu wenye unene au uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo, wasio na kisukari.

Baada ya mwaka wa sindano alikuwa na kilo 91. HbA1c ilikuwa 6.3, shinikizo 126/78, na kukatika kwa pumzi mara 18 kwa saa, kiwango cha kati. CPAP iliendelea. Anashuka ngazi bila kushika ukuta.

Miezi mitatu bila dawa

Kisha dawa ikakosekana. Miezi mitatu akala vilevile, akafanya mazoezi yaleyale, na uzito ukapanda hadi kilo 95.5. Akarudi kliniki ameinamisha uso, tayari kwa lawama.

Mtu akipungua, leptini inayotoka kwenye mafuta hushuka na ubongo husoma kwamba kuna uhaba. Ghrelini, homoni ya njaa, hupanda. Mwili hutumia nishati kidogo kuliko ambavyo ungetarajia kwa uzito mpya. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 ulikuta homoni hizi bado hazijarudi sawa mwaka mzima baada ya watu kupungua. Na waliofuatiliwa baada ya STEP 1 walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza, mwaka mmoja baada ya kuacha dawa. Kilichompata kilitarajiwa. Hatushangai shinikizo la damu likipanda mgonjwa anapokosa vidonge vyake, wala hatumuulizi kwa nini hakujikaza.

Dawa ilipopatikana hakurudishwa kwenye 2.4. Baada ya pengo refu kama hilo tumbo limekwisha kusahau, hivyo alianza tena kutoka 0.25.

Kukosa dawa kulimbadilisha mawazo kuhusu upasuaji. Alitaka kitu ambacho hakitategemea kama dawa imefika au haijafika. BMI yake sasa ni 36.4. Kwa mwongozo wa 1991 uliotumika kwa miongo mitatu angestahili kwa sababu ana magonjwa yanayoambatana. Kwa ule wa 2022 wa chama cha wapasuaji cha Marekani na shirikisho lao la kimataifa anastahili kwa BMI pekee, maana mpaka umeshushwa hadi 35. Upasuaji wa kisasa, unaofanywa kwa matundu madogo, hupunguza kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya uzito wote, na ufuatiliaji mrefu wa Uswidi ulioanza 1987 ulionyesha kuwa waliofanyiwa waliishi muda mrefu zaidi.

Bado haijaamuliwa afanyiwe upi. Kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuacha mrija mwembamba ni operesheni fupi, lakini huweza kuongeza kiungulia, na yeye anacho. Kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba hutuliza kiungulia na husaidia kisukari zaidi, ila hudai nidhamu kali ya vitamini maisha yote. Kamera ya tumbo itaonyesha kama asidi inayopanda kutoka tumboni imeshauumiza umio, yaani mrija wa chakula. Ikikuta hivyo, njia ya pili ndiyo itakayopendekezwa. Vitamini B12 yake inapimwa sasa hivi, kwa kuwa metformini imekuwa ikiishusha kwa miaka na upasuaji utaishusha zaidi, pamoja na madini ya chuma na vitamini D.

Aliuliza kama akifanyiwa ataachana na sindano moja kwa moja. Jibu alilopewa ni kwamba huenda ikawa hivyo kwa miaka kadhaa, na kwamba baadhi ya waliopasuliwa hupata kilo tena baadaye na kurudi kwenye dawa. Likitokea, itakuwa sababu ya kuja kliniki mapema, na kwenye faili litaandikwa jina la dawa na dozi yake.